Staringi Niliyemvalisha Suruali

Kosa langu lilikuwa kumvalisha staringi wa sinema suruali. Kwenye sinema yenyewe, niliyoiona kwa macho yangu mawili kule mjini, jamaa alikuwa amevaa nguo ya kubana kuanzia shingoni hadi vifundoni, na juu yake chupi nyekundu, mchana kweupe, mbele za watu, na hakuna hata askari mmoja aliyemuuliza. Niliona aibu kwa niaba yake. Kwa hiyo nilipofika nyumbani na kutakiwa kuhadithia, nikamvika suruali ya kaki iliyopigwa pasi, nikamtundikia koti refu, na kwa kuwa ukarimu ukishaanza ni vigumu kuuzuia, nikamwongezea na tai. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye ukingo wa karo letu la kufulia na kuzungukwa na akina mama wa maombi.

Mtaa wetu wa Mbotela, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ulinukia sabuni ya kipande na mafuta ya taa. Karo hilo la laini yetu, yaani safu yetu ya nyumba, lilikuwa la saruji, pana, limeliwa pembeni na miaka mingi ya kusuguliwa makola, na asubuhi za Agosti, shule zikiwa zimefungwa na baridi ikiuma hadi kwenye meno, sote tulikusanyika hapo: akina mama kwa sababu ya nguo, sisi watoto kwa sababu ya hadithi. Sheria ya mtaa ilijulikana. Aliyeona sinema ameiona kwa niaba ya wote. Alikalishwa kwenye ukingo wa karo na kutakiwa kuitoa mwanzo hadi mwisho, na milio yote ya ngumi, risasi na breki za gari itoke kinywani mwake. Kwa kawaida kazi hiyo ilikuwa ya kaka yangu Mutua. Lakini wiki ile ambayo mjomba wetu, dereva wa lori, alikuja kumchukua ampeleke sinema, Mutua alipatwa na matubwitubwi, mashavu yakavimba kama mtu aliyeficha maandazi mawili. Mjomba hakutaka safari ipotee bure, akamchukua mtoto mwingine aliyekuwa nyumbani. Na mimi nilikuwa nyumbani siku zote. Kwenye mchezo wa kati nilikuwa wa kwanza kupigwa mpira. Kwenye kuruka kamba, kamba ilinikamata miguu kama mbuzi wa Krismasi. Hata kujificha nilijificha vizuri mno, wenzangu wakasahau kunitafuta, wakaenda kula.

Basi kuketi pale juu na kuona macho yote yakinielekea kulinilevya. Sinema ya saa moja na nusu niliihadithia kwa siku kadhaa, na kila siku staringi wangu alizidi kuwa mwema. Kwenye sinema alikuwa muuza viatu aliyesikia vilio vya watu wa mbali na kuruka angani kwenda kuwaokoa, naye alikuwa mpole na mwenye huzuni kweli, hilo sikulizua. Lakini sikuwa peke yangu katika kumtengeneza. Mama Njoki, jirani yetu wa ukuta mmoja, aliyeuza makaa na kusema lolote lililomjia, alikuwa akifua huku amenipa mgongo, na maswali yake yalitoka bila yeye kugeuka.

"Huyo kijana ana mama?"

"Anaye, Mama Njoki."

"Na humkumbuka, ama ni kuruka tu?"

"Humpelekea unga kila mwisho wa mwezi."

"Haya. Endelea."

Nikaendelea. Staringi akaacha pombe ambayo hakuwahi kuinywa. Akaanza kuomba kabla ya kuruka. Baba yake alipokufa, jambo lililochukua dakika mbili sinemani, nilimfanyia matanga ya siku tatu, kwaya ikiwemo, na akina mama wakapangusa macho kwa mikono yenye povu, wakawashwa, wakalia zaidi. Hata Mama, aliyeamini kwamba sinema ni ya wahuni na wezi wa kuku, aliacha kusugua kola ya shati la Baba. "Huyo kijana amelelewa," alisema. Sikuwahi kusifiwa hivyo, na aliyesifiwa hata hakuwa mimi.

Mdomo huponza kichwa. Muda si muda ikasikika kwamba sehemu ya pili ya sinema ile italetwa kwenye holi ya mtaa, Jumamosi alasiri, kwa projekta. Mutua, ambaye mashavu yake yalikuwa yamerudi mahali pake, alimwomba Mama ruhusa akiwa amepiga magoti. Mama hakuwahi kuturuhusu kuingia holi ile; sinema ilikuwa ya kwenda na Mjomba tu. Safari hii aliniangalia mimi. "Ni yule kijana wa maombi?" Nikasema ni yeye. Akasema atakuja mwenyewe, pamoja na wenzake wa kikundi, waone. "Na nikiona upuzi wowote, nyinyi wawili hamtakanyaga holi tena mpaka muolewe."

"Lakini mimi siolewi," Mutua alisema, akapata kofi la kumsaidia kufikiri.

Jumamosi ilipofika, akina mama waliteremka na vitambaa vyao vyeupe kichwani, Mama Njoki mbele, wamepangana kana kwamba wanakwenda kubariki nyumba mpya. Mimi nilitangulia mbio. Mlangoni kulikuwa na picha kubwa ya staringi, na yule aliyeichora hakuwa na huruma, chupi ilikuwa nyekundu kuliko kitu chochote Mbotela. Nikaiegemea, nikatanua sweta langu pande zote mbili kama kuku anayeatamia.

"We Mwikali, mbona umesimama hivyo?" Mama akauliza.

"Baridi, Mama."

"Mbona huyo ana miguu ya mwanamke?" akauliza Mama Njoki, kwa maana miguu ilikuwa imebaki kuonekana chini yangu.

Mutua alinong'ona sikioni mwangu: "Suruali iko wapi, dada?" Nilitamani ardhi ipasuke, lakini ilikuwa sakafu ya halmashauri, imara kupita kiasi.

Wakaketi benchi ya mbele. Taa zikazimwa, mapazia yakavutwa, mashine ikaanza kukereza. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba waliotengeneza sehemu ya pili walikuwa wamechoka na huzuni. Hakukuwa na kaburi wala mafuriko kama kwenye ile ya kwanza. Adui alikuwa bwana mfupi aliyetembea na kuku kwapani. Staringi alianguka ndani ya keki ya harusi. Alicheza dansi na polisi. Kisha, Mungu wangu, sinema nzima ikageuka kuwa habari ya ile chupi. Ikaonekana kwamba nguvu zake zote zilikuwa humo. Mama yake, mwanamke mnene mwenye vibanio kichwani, akaichukua bila kujua, akaichemsha pamoja na mashuka, na ilipotoka ikawa imesinyaa, ndogo, ya kumtosha mtoto wa nasari. Staringi akaiinua mbele ya uso wake, akaitazama. Sisi sote tukaitazama. Kiingereza chao kilikuwa cha mbio, lakini chupi haihitaji mkalimani.

Nilikuwa nimekwisha kuhesabu: hapa ndipo nilipopoteza holi, Mutua amepoteza holi, na watoto wa laini nzima watanipoteza mimi, mwongo aliyewaletea mama zao aibu. Ndipo sauti ikatoka benchi ya mbele.

"Hiyo haifuliwi kwa maji moto!" Mama Njoki alikuwa amesimama, anamwelekezea kidole mama wa staringi. "Kwani huyu mama hajawahi kufua?"

"Angeloweka kwanza!" mwingine akadakia.

"Na ameianika bila kibanio, tazama, tazama upepo!"

Upepo ukaichukua. Chupi ikaruka juu ya mji, na staringi akaikimbiza mitaani amejifunga taulo, na benchi ya maombi ikavunjika. Sisemi kwa mfano, ilivunjika kweli, mguu mmoja, wakaanguka wote upande mmoja wakiwa wameshikana, vitambaa vyeupe vimeteleza hadi machoni, wanacheka kwa sauti ambazo sikujua wanazo. Mama yangu alikuwa chini, anapiga sakafu kwa kiganja, analia, "Taulo! Jameni, taulo!" Katika hadithi zangu zote alikuwa amepangusa macho kwa adabu. Hakuwahi kuanguka.

Tulipotoka, hakuna aliyeniuliza kuhusu suruali. Mama aliniambia tu, huku akishikilia mbavu, kwamba twaweza kwenda holi Jumamosi yoyote tukimaliza kazi. Mutua alirukaruka. Watoto wote wa laini, ambao mama zao nao walikuwa wameanguka na benchi, wakapata ruhusa ileile. Nilikuwa nimeshinda kwa niaba yao wote, na Jumatatu nilipopanda kwenye ukingo wa karo na kukohoa kidogo ili kuanza, nilijikuta nakoholea ndoo tu. Wenye macho yao walikuwa wameona wenyewe, na mwenye kujionea hahitaji wa kumwonea. Nilishuka, nikamsaidia Mama kukamua mashuka. Staringi wangu alibaki na tai yake shingoni, hana wa kumwokoa.

Bado naishi Mbotela, katika laini ileile. Nimesema mimi ni mtu wa nyumbani. Karo limepigwa saruji mpya, ila wanaofua pale hawasemezani sana, kila mmoja ana kitu sikioni. Mjukuu wa Mutua hunionyesha sinema za siku hizi kwenye simu. Nimeona ajabu. Siku hizi mastaringi wote wana majonzi. Wanasimama kwenye mvua, wanakumbuka wazazi wao, wananong'ona, na chupi zote zimeingia ndani zinakostahili kukaa. Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Jumapili iliyopita niliichukua simu, nikampelekea Mama Njoki, ambaye sasa huketi kwenye kigoda mlangoni kwake akiota jua, ulimi ukiwa kiungo pekee kisichozeeka. Nikamwambia aone, dunia imenifikia, hawa ndio niliokuwa nikiwahadithia miaka ile, wapole, wenye huzuni, wenye heshima. Alitazama kwa subira hadi staringi alipopiga magoti kaburini mara ya pili. Kisha akanirudishia simu, akasema:

"Mwikali, wewe ulikuwa unatuhubiria. Na pasta tulikuwa naye."