Mume wa Miezi Mitatu

Tulirudi nyumbani Giakanja, karibu na Nyeri nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi Lusaka miaka tisa, na huko ndiko nilikoolewa na mwalimu wa fizikia, Mzambia mpole asiyependa makelele. Baba yangu alikuwa amepooza upande mmoja, na hakuna mwingine aliyebaki wa kumwangalia. Hatukubishana. Mume wangu aliacha kazi yake tukafunga mizigo.

Mpakani, afisa aligonga muhuri kwenye pasipoti yangu bila kuniangalia. Ya mume wangu akaiandika miezi mitatu. Za watoto pia, miezi mitatu.

"Hao ni wangu," nikamwambia. "Mimi ni Mkenya."

"Wamezaliwa nje na baba yao si Mkenya. Hao ni wageni, mama."

Nilidhani amekosea. Wiki iliyofuata nikaenda Nairobi kwenye ofisi ya uhamiaji ili warekebishe. Nilipanga foleni tangu asubuhi, na nilipofika dirishani, karani alisoma karatasi zangu kisha akamwita mwenzake aje aone.

"Ati mwanaume amefuata bibi mpaka kwao?" akauliza. "Kwani kwao hakuna shamba?"

Wakacheka. Kisha akanieleza, bila ubaya wowote, kwamba kama mimi ningekuwa mgeni na mume wangu ndiye Mkenya, ningeandikishwa uraia. Mume hapewi. Sheria ndivyo ilivyo.

Nilijua kwamba ni kweli. Jirani yetu alikuwa ameoa Mtanzania, na mama huyo alikuwa tayari na kitambulisho, anapiga kura. Nilimpenda sana, lakini kuna siku nilishindwa kumsalimia.

Basi kila baada ya miezi mitatu niliomba ruhusa hospitalini Nyeri, nilikopata kazi, tukamwacha baba na jirani, tukapanda basi sote wanne kwenda Nairobi kuomba miezi mingine mitatu. Mara ya nne waliniambia faili limepotea. Mara ya tano lilipatikana, ila picha za watoto hazikuwemo.

Muda wote huo mume wangu hakuruhusiwa kufanya kazi. Shule ya sekondari pale kwetu ilikuwa imekaa mihula miwili bila mwalimu wa fizikia, na yeye yuko nyumbani anakamua ng'ombe. Alimwogesha baba yangu, akamlisha, akamtoa nje kuota jua. Sokoni wanaume waliniuliza kama mume wangu amepona, maana walidhani anakaa nyumbani kwa ugonjwa.

Jioni moja nilimkuta amekaa jikoni na pasipoti mkononi.

"Mama watoto," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza, "mimi ni mgeni wa nani?"

"Wangu."

"Mgeni huambiwa siku ya kuondoka. Mimi naambiwa kila miezi mitatu."

Nilimkaripia. Nikamwambia kama amechoka, barabara ya kwenda kwao anaijua. Alienda kumgeuza baba kitandani, nami nikabaki nikilia kwa hasira, nisijue ninamkasirikia nani.

Aliyetusaidia ni mwalimu mkuu wa ile sekondari. Alitangaza nafasi gazetini kama alivyotakiwa, akangoja, hakuna aliyejitokeza, ndipo akaandika barua ya kumwombea mume wangu kibali cha kazi. Tulipeleka barua hiyo, ikarudishwa kwa sababu haikuwa na muhuri wa shule, tukaipeleka tena. Kibali kilitoka baada ya mwaka na zaidi. Kilikuwa cha miaka miwili, kwa shule hiyo moja tu.

Siku mume wangu alipoanza kufundisha, baba alitaka kumwona akiwa amevaa tai. Aliitazama akiwa kitandani, akasema kwa ulimi wake mzito, "Mwalimu." Mume wangu akacheka, akatoka upesi asichelewe kengele.

Mimi nilibaki na karatasi za kibali mezani. Watoto wangu, wajukuu wa mzee aliyelala chumba cha pili, walikuwa wameandikwa kama wategemezi wa mgeni. Nilisoma kurasa zote mbili nikitafuta jina langu. Halikuwemo. Nikazirudisha kwenye bahasha, nikavaa sare, nikaenda zamu.