Maji Meusi Yalipopauka

Kule Nchelenge, kando ya ziwa, sisi wanawake wakimbizi tulichemsha vipande vya mbao kwa magadi ili tutengeneze karatasi, na kila mara yalibaki maji meusi yenye lignini, ile inayoufanya mti uwe mgumu. Nilifundisha kemia Kongo kabla sijakimbia vita. Nikayapunguza ukali kwa ndimu, nikatia ukungu mweupe wa gogo lililooza, jamii ya uyoga, nikitumaini utaigeuza lignini iwe gundi. Mjane wa mdogo wangu ndiye aliyekoroga pipa.

Siku moja nikakuta maji yamepauka kama chai.

“Umetia maji ya ziwa!”

“Hapana, yaya,” alinijibu, kwetu ndiyo dada mkubwa. “Sikutia mayi. Ni buyoga njo inakula ile weusi.”

“Wewe hukusoma, utanifundisha nini?”

Nilimzaba kofi mbele ya wanawake wenzetu, nikamtupia virago nje. Akapanda boti kwenda kisiwa cha Kilwa, katika ziwa hilohilo, kuanika samaki wa watu.

Pipa la pili nililifunga kwa kufuli, nikakoroga mwenyewe. Nalo likapauka, na maji yake yakanata kama gundi. Wageni walipokuja kuiona gundi, niliwaambia nimeigundua peke yangu. Boti za Kilwa huondoka kila asubuhi, lakini sijaenda kumwomba msamaha.