Maji ya Henzerani

Henzerani iliyolowa ina harufu yake, ya nyasi mbichi na kidogo ya moshi, kwa sababu baba aliipitisha juu ya makaa kabla ya kuikunja. Hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu pale Mwabungo, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Henzerani haioti kwetu. Ilikuja kwa marobota kutoka ng'ambo, fito ndefu za rangi ya asali, na baba, Fundi Hamadi, alizigeuza kuwa viti vya hoteli za Diani. Alizilaza siku nzima ndani ya pipa lililopasuliwa ubavu, zikalainika, akazikunja bila kupasuka. Maungio aliyapigilia misumari midogo, kisha akayafunga kwa nyuzi za maganda ya fito zenyewe. Akimaliza kiti alikikalia yeye kwanza, akajitingisha, na kisipotoa sauti alicheka peke yake.

Fito hizo zilitaka maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kisima cha maji baridi kilikuwa mbali, upande wa pili wa barabara ya lami. Kuchota ilikuwa kazi yangu, msichana wa miaka kumi na mmoja. Kaka yangu Bakari alinizidi umri na mabega, lakini yeye alikuwa mwanamume, basi alijilalia barazani. Jambo hilo linanikera hadi leo, wala sioni haya kulisema.

Kiangazi kimoja hoteli ilimpa baba kazi ya viti vyote vya ukumbi wake wa chakula. Meneja alimwahidi kwamba vikimridhisha, atamwajiri awe fundi wa kudumu pale. Baba aliiwaza ajira hiyo usiku na mchana, hata chakula akakisahau. Nacho kisima kilipungua, foleni ikawa inaanza alfajiri. Siku ya tatu mama mmoja alinipiga kikumbo, ndoo yangu ikamwagika, nikaondoka nalia kwa hasira. Bahari ilikuwa nyuma ya nyumba, na haikuwa na foleni. Baba alikuwa amekwenda Ukunda kununua misumari. Nililijaza pipa kwa safari chache tu, kisha nikaenda kucheza kombolela.

Viti vilitoka vizuri, vikapelekwa. Majuma machache baadaye meneja alifika nyumbani na kimoja nyuma ya gari. Nyuzi zilikuwa zimelegea, misumari imeota kutu, na mgeni alikuwa ameanguka nacho mbele ya watu.

"Mzee, hii ni kazi gani?" alisema. "Si uliniambia hii kitu itakaa miaka?"

Baba alichomoa uzi mmoja, akauweka ulimini. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniangalia mara moja, kisha akamgeukia meneja.

"Kosa ni langu, bwana. Nilikosea maji. Niwie radhi."

Aliomba avitengeneze upya, meneja akakataa. Ajira ile akapewa fundi mwingine, na hoteli nyingine nazo zikaacha kumwita. Jioni baba aliniketisha karibu naye.

"Mwanamisi, mwanangu, yale maji uliyachota wapi?"

"Kisimani, baba."

"Haya," alisema, basi.

Kesho yake niliamka nikakuta ndoo hazipo. Tangu siku hiyo alichota mwenyewe, mtu mzima na mvi zake, katika foleni ya wanawake waliomcheka waziwazi, hadi alipouacha ufundi. Afadhali angenichapa. Ningelia, yakaisha.

Mwezi uliopita nilialikwa arusi katika hoteli ileile. Viti vya siku hizi ni vya plastiki, vimesukwa vikafanana na henzerani, na hukaa nje kwenye mvua na upepo wa chumvi bila kudhurika. Nilikiinamia kimoja kukinusa, mwanangu akaniuliza kama nimepoteza kitu. Hakikuwa na harufu yoyote. Nyumbani kwangu maji baridi hutoka bombani, uani, na ndoo hujaa kabla sijamaliza kujifunga khanga. Ni maji hayo niliyomnywesha baba kwa kijiko, miezi minne aliyolala kwangu akiugua. Kila asubuhi nilijiambia kwamba leo nitamwambia. Alikunywa, akanishukuru, akanirejeshea kijiko, hadi siku aliyoshindwa kumeza.