Jumamosi Mama Aliyokwenda Denton Bila Mimi

Nakumbuka adhuhuri moja kwenye ghala la Mesquite, kando ya Dallas, meneja aliponiita pembeni ya rafu akaniuliza kama naweza kusimamia zamu ya Jumamosi na Jumapili mpaka mwisho wa majira ya joto. Alinipa siku mbili nifikirie. Mimi nikamjibu palepale, hata kalamu yake hajairudisha mfukoni. Nikasema ndiyo. Mama yangu alikuwa amefika kutoka Mombasa siku tisa kabla ya hapo, na hizo Jumamosi na Jumapili ndizo zilizokuwa siku pekee ambazo ningeweza kumtoa nje ya nyumba.

Mwanangu, wewe kijana unayemleta mama yako huku, zamu ile natamani ningeikataa. Sikusukumwa na njaa. Nilitaka kuitwa msimamizi. Nilisoma mpaka kidato cha nne tu, na kila nilipopiga simu nyumbani niliona haya kusema kwamba kazi yangu ni kupanga maboksi. Nilitaka neno la kusema kwenye simu. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya kukupa.

Mama tulimleta kwa viza ya miezi sita. Tuliwaambia watu anakuja kututembelea, lakini wewe unayeishi huku unajua mambo yalivyo. Mke wangu, Mwanaisha, alikuwa akiuguza wazee na zamu zake zilibadilika kila wiki. Binti yetu Zuhura alikuwa na miaka minane, na mlezi hatuna. Basi mgeni akawa mlezi. Aliamka kabla yetu, akachemsha chai, akamsindikiza mtoto hadi kwenye basi la shule, akarudi ndani akafunga mlango. Marekani aliyoiona mama yangu ilikuwa sebule yetu, kiroshani chenye uzio wa chuma, na maegesho ya magari.

Naye hakuja mikono mitupu. Alikuja na amana.

Mama alikuwa na shoga yake wa tangu utotoni, jirani yetu, Bi. Salma. Mwanawe Bi. Salma, Hamidi, alisoma miaka saba huku Texas, katika mji wa Denton, kaskazini mwa Dallas. Ni mji wa zamani wa vyuo vikuu, wanafunzi wamejaa kila kona. Mara mbili Bi. Salma aliomba viza aje kumuona, mara mbili akanyimwa, na hata mahafali ya mwanawe aliyasikia kwa simu tu. Hamidi alipomaliza akahamia Seattle kwa kazi. Mama yake akabaki na picha moja: kijana amevaa joho, nyuma yake jengo la mawe lenye kuba. Sasa macho ya Bi. Salma yalikuwa yameingia ukungu na picha ile hakuiona tena. Ndipo akamwambia mama, wewe uliyepata viza, nenda ukaniangalilie. Kaone mwanangu alipokuwa akikaa na akitembea, kisha uje unisimulie.

Wiki ya kwanza tu mama akaniuliza.

"Huko Denton ni mbali?"

"Si mbali, mama. Kama Mombasa na Kilifi, na kidogo."

"Basi tutakwenda."

"Tutakwenda, inshallah."

Mungu anisamehe, mwanangu. Neno lile kubwa nilikuwa nalitumia kama komeo la mlango. Mwezi wa pili aliniuliza tena, nikamwambia kazi imebana. Mwezi wa tatu, Jumatano moja jioni, nikaona nimtulize, nikampeleka kwenye jumba la maduka la pale karibu na kwetu. Alikaa kwenye benchi mbele ya duka la viatu, mkoba mapajani, akitazama watu wakipita na mifuko. Halafu akaniuliza kwa upole kama Hamidi alisomea hapo. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikuwa akikaa Mama Furaha, mwanamke wa Lubumbashi, mwimbaji wa korali ya kanisa lao. Yeye na mama walizoeana kupitia kiroshani, mmoja anaanika kanga, mwingine kitenge. Kiswahili chao kilipishana kama ndugu waliolelewa nyumba mbili, lakini walielewana vizuri kuliko nilivyoelewana mimi na mama miezi ile. Mimi nilikuwa naingia usiku nimechoka, natoka alfajiri.

Zilikuwa zimebaki wiki tano mama arudi. Jumamosi moja, mchana, tukiwa ghalani, anga likageuka rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na ving'ora vikaanza kulia. Aliyekaa Dallas majira ya kuchipua anaijua sauti ile. Tulichuchumaa kwenye ujia, mikono kichwani, mpaka redio ikasema kimbunga kimepita mbali nasi. Umeme ulikuwa umekatika, tukaambiwa twende nyumbani.

Mwanaisha alikuwa zamuni. Nilifungua mlango nikaita. Kimya. Buibui la mama halikuwa kwenye msumari wake, na viatu vya Zuhura havikuwapo. Vidonge vya mama vya shinikizo la damu vilikuwa juu ya meza, nikavitia mfukoni.

Siku zile simu za mkononi walikuwa nazo wakubwa tu. Mama yangu hakujua Kiingereza, hakuwa na karatasi yenye anwani yetu, na mvua ya mawe ilikuwa inakuja. Nilikimbia kwenye kituo cha basi la shule, nikakimbia kwenye chumba cha kufulia nguo, nikarudi. Mwisho nikagonga kwa Mama Furaha, akafungua mumewe, mzee mpole, kitambaa cha jikoni begani.

"Bameenda Denton na korali kuimba," akasema. "Tangu asubui. Haukuambiwa?"

Nikaendesha gari kuelekea kaskazini, redio ikitaja wilaya moja baada ya nyingine iliyo kwenye hatari. Ilipotaja Denton niliizima. Mvua ya mawe ilipiga paa la gari kama mtu anamwaga kokoto, nikasimama chini ya daraja pamoja na malori, nikasema kwa sauti maneno niliyokuwa sijayasema tangu madrasa. Nilimwambia Mungu kama wako salama nitamtembeza mama Texas nzima. Kumbuka ahadi hiyo, mwanangu, maana nitakueleza nilivyoifanya.

Nilipofika, dhoruba ilikuwa imeshapita kuelekea mashariki. Katikati ya mji kuna uwanja wa mraba, maduka ya matofali ya kizamani pande zote nne, na katikati yake mahakama ya zamani, ile yenye kuba, ileile ya kwenye picha. Majani yalikuwa meupe kwa barafu, matawi yamelala njiani, na hakuna mtu nje. Basi la kanisa lilikuwa pale, kioo cha mbele kimepasuka, ndani tupu.

Kisha nikasikia watu wanaimba.

Sauti ilitoka ndani ya mahakama. Nilisukuma mlango, nikawakuta wamejaa ukumbini chini, katikati ya makabati ya vioo ya makumbusho: wanafunzi waliokumbatia matarumbeta yao, wazee wa mji, na wanakorali waliovaa vitenge vya sare wakiimba taratibu kutuliza watu. Kwenye benchi refu la ukutani alikaa mama yangu na buibui lake, viatu amevua, Zuhura amelala mapajani mwake. Alikuwa anapiga makofi kwa vidole viwili ili asimwamshe mtoto.

Nikakaa kwenye ngazi, nikalia mbele za watu nisiowajua, na sikuona haya. Sijapata faraja kama ile tena maishani.

"Rashidi," mama akasema, "umekuja na mvua? Kaa, wamalizie hii."

Walipomaliza nilimfuata Mama Furaha na maneno niliyokuwa nimeyapanga njiani. Nilimuuliza nani alimpa ruhusa ya kumchukua mama yangu, tena ndani ya basi la kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akaniambia, bila kupaza sauti:

"Papa Zuhura, huyu mama alivuka mayi yote ile juu ya kuja kuangaria kapeti yako? Kila siku ya posho ananiuliza kama leo utapumuzika." Siku ya posho ndiyo Jumamosi kwao. "Mie nikachoka kumudanganya. Kama unataka kukasirika, kasirika. Lakini kwanza umupe mama dawa yake."

Vidonge nilikuwa navyo mfukoni, nikaenda kutafuta maji.

Njiani kurudi mama alisimulia mpaka Mesquite. Walifika asubuhi jua likiwaka, kabla ya mawingu. Alikaa kwenye kila benchi chini ya ile miti mikubwa inayoizunguka mahakama, moja baada ya jingine, maana hakujua Hamidi alipenda lipi. Aliingia duka la vitabu vikuukuu, lililokuwa zamani ukumbi wa michezo ya kuigiza, na rafu zake, alisema, mtu anaweza kupotea humo mpaka wajukuu wamtafute. Alitembea kwenye viwanja vya chuo. "Vijana wa kule hulala kwenye majani mchana kweupe kama wana homa," akasema. "Nikamwambia Zuhura awaulize wanaumwa nini. Kumbe wanasoma." Kila upande kulikuwa na mtu anapuliza kitu au anagonga kitu, maana mji ule ni wa muziki. Na penye chuo kingine walimpeleka kuona kanisa dogo la mawe lililojificha kwenye miti, lenye madirisha ya vioo vya rangi waliyoyatengeneza wanafunzi wenyewe. Aliniambia vioo vile vina wanawake wako kazini, mmoja anauguza, mwingine anafundisha. "Nikamtafuta anayepika," mama akasema, "nimsalimu."

Mkalimani wake siku nzima alikuwa Zuhura. Mtoto huyo mimi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Kumbe Kiswahili alikuwa nacho, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye kwa raha.

Ungedhani nilijifunza. Jumamosi iliyofuata nilirudi ghalani, na iliyofuata hiyo pia. Nilijiambia ameshaona alichotaka kuona, deni limekwisha. Mama hakuuliza tena. Wiki tano zikaisha, nikamsindikiza uwanja wa ndege, akaniombea dua, akaondoka. Cheo changu hakikudumu mwaka mmoja, ghala likafungwa.

Mama alifariki miaka michache baadaye, nikaenda nyumbani matangani. Siku ya tatu Bi. Salma aliletwa ameshikwa mkono, akaomba aketi karibu nami. Akanishukuru mbele ya watu. Alisema mama alimsimulia Denton kwa wiki nzima, benchi kwa benchi, na kwamba alimwambia, "Rashidi alikuja na gari lake mpaka pale." Watu wakanitazama kwa heshima. Nilikaa na shukrani ile kooni kama mwiba wa samaki. Jioni nikamfuata kwake, nikamwambia ukweli wote. Nilimwambia nani alimpeleka mama, na mimi nilikuwa wapi.

Akatabasamu.

"Nilijua tangu zamani, mwanangu. Wiki nzima ananisimulia, na wewe ndani ya hadithi yake hukusema neno hata moja. Mtoto aliyempeleka mama yake hakosi kusema neno." Akanipapasa mkono. "Lakini mimi Denton niliiona. Nimetosheka. Nenda ukalale."

Usiku ule nililala usingizi niliokuwa sijaupata kwa miaka.

Sasa ninakaa Houston kwa Zuhura, hapa mtaa wa Sharpstown, na naona vijana wengi mnawaleta mama zenu kama nilivyomleta wangu. Basi nasaha yangu ni hii. Mzazi akija, mlezi wa mtoto mtafute kwingine, au mpange zamu na mwenzako, lakini mgeni abaki mgeni. Muulize ametumwa kuona nini, maana wazee wetu hawaji kwa ajili yao peke yao. Usimpeleke dukani ukadhani umemtembeza. Mpeleke mahali penye watu na historia, mji wa chuo, makumbusho, bustani, popote pasipo na kaunta ya kulipia, na wewe ushuke garini utembee naye kwa mwendo wake. Jirani akikutangulia kwa wema, usimkasirikie, mshukuru. Na ukishapata onyo, libadilishe jambo wiki hiyohiyo, usingoje kama mimi.

Mungu akupe mzazi mwenye umri mrefu na magoti mazima, akupe na wewe moyo wa kusema hapana mahali pa hapana. Na siku watoto wako wakimkumbuka bibi yao, akujalie uwe umo ndani ya hadithi.

Mimi simo. Nikimuuliza Zuhura kuhusu bibi yake, hunisimulia Denton, nami husikiliza kama mgeni. Mama yangu alikaa nami Marekani miezi sita, na sina hata siku moja niliyotembea naye.