Ukumbi Uliobakizwa kwa Ajili ya Beatha

Kila asubuhi, kabla ya kuingiza ufunguo, Beatha hubisha hodi kwenye mlango wa ukumbi wa zamani. Hugonga kwa vidole, husema "Onga makeo", salamu ya asubuhi ya Kisambaa, kwa sauti ya chini, kisha hungoja kidogo, kama mtu anayewapa waliolala nafasi ya kujifunika. Ndipo hufungua. Ndani hamna mtu. Kuna viti vya plastiki vilivyopangwa ukutani, na miezi ya mvua huwa na unyevu unaochora sakafuni kitu kama nyayo. Beatha huufuta bila kuutazama sana.

Watu waendao sokoni wameshamzoea.

"Mama Kristian, leo wamekuitikia?" huuliza mmoja.

"Wamekuulizia wewe," humjibu, na yule huongeza mwendo.

Mwaka ule mlima ulipoporomoka juu ya njia ya Magamba, maiti zililetwa hapa kwa sababu hospitali haikuwa na nafasi. Zililazwa kwenye mikeka ya msikitini, zikafunikwa vitenge vya akina mama wa kanisani. Beatha alikaa mlangoni akimngoja mwanawe Kristian, ambaye usiku ule alikuwa amelala kwa mjomba wake huko juu. Kila machela iliyoingia aliifunua, akaifunika. Mjomba aliletwa. Mke wa mjomba aliletwa. Kristian hakuletwa. Wachimbaji wa kifusi walipokata tamaa wakarudi makwao, Beatha aliomba kazi ya kufagia palepale. Kama angeletwa, angeletwa hapo.

Ukoo ulitaka kufanya kama wazee walivyomfanyia mtu asiyepatikana: kukata shina la mgomba, kulivika sanda, kulizika, watu wakae matanga na kulia. Shemeji yake Nikodemo alikuja na panga mkononi, akarudi tena.

"Kazike mgomba wako, shemeji," Beatha alimwambia. "Mimi nilizaa mtoto."

Hapakuwa na kaburi, kwa hiyo hapakuwa na matanga. Beatha hakuwahi kulia mbele ya mtu.

Halafu mji ukaamua kujenga ukumbi mpya, na Beatha akatiwa kwenye kamati kwa kuwa ndiye mtunzaji wa ule wa zamani. Msanifu, binti aitwaye Sabra, alileta mifano miwili ya kadibodi akaiweka mezani. Wa kwanza ulibomoa kila kitu, ukasimamisha jengo la vioo linalotazama bondeni. Wa pili uliuacha ukumbi wa zamani katikati, vyumba vipya vikiuzunguka, na ukutani kumeandikwa majina ya waliokufa siku ile. Herufi zilikuwa ndogo kama mchwa, lakini Beatha aliliona jina la mwanawe.

"Hili la vioo," alisema Mzee Selemani, muuza kabichi, "ukungu wetu ukitanda, mtakaa ndani mkitazamana kama samaki kwenye chupa." Watu wakacheka. Hata Sabra alicheka.

Mwenyekiti Stephano aligawa punje za mahindi, moja kwa kila mjumbe. Safari iliyopita kunyoosha mikono kulizaa ugomvi. Kila mtu aweke punje yake mbele ya mfano anaoutaka.

"Aanze Mama Kristian," alisema, kwa upole wa mtu anayemsogezea mgeni kiti. Beatha akaelewa. Walikwisha kukubaliana huko nje, kwa kumwonea huruma, kwamba ukumbi usiguswe.

Akainama juu ya mfano wa pili. Sabra alikuwa ametengeneza hata mlango, mdogo kama ukucha, nao ulikuwa wazi. Beatha alichungulia. Ndani palikuwa na giza lilelile, na kwa muda akahisi kuna mtu humo, amelala kifudifudi, anasubiri kufunuliwa. Akajiona na yeye mlangoni, mvi tupu, kisha mwanamke mwingine baada yake akikabidhiwa ufunguo na kuambiwa akae hapo angoje.

Akaiweka punje yake mbele ya vioo.

Mzee Selemani alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama meza. Kisha Selemani akanyanyuka, akaiweka yake kando ya ile ya Beatha. Wengine wakafuata mmoja mmoja, kama watu wanaotupia udongo kaburini.

Sabra alimkuta nje, ameegemea ukuta, kanga ameivuta hadi kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Binti alisita, akiwa amepakata kadibodi yake iliyokataliwa. "Huu niliuchora kwa ajili yako. Nilidhani hutaki ukumbi ubomolewe. Kwa nini umeukataa, mama?"

Beatha alitazama juu, kule mlima ulikomeguka, ambako sasa majani yameota.

"Nimechoka kumngoja penye maiti," alisema. "Nataka nikamlilie nyumbani."