Batoto saba, mapengo kumi na moja

Bakubwa wa jukwaa, wavukire, ndiyo salamu ya kwetu. Hii nimeiona na macho yangu, chumvi siongezi.

Ilikuwa ule mwaka tulikula viazi vya Lubero asubuhi na magaribi, juu ndizi za Beni zilikuwa hazifiki. Kavugho, mujukuu wangu, akatoka Beni kuja kuzalia kwangu, hapa mutaani Kimemi. Mimba ya miezi sita.

Kila akisugua meno, damu. Anatema mate mekundu.

Mimi nikamunyanganya brosse ya meno. Nikamwambia aache, mutoto yuko anakamata jino yake. Sisi tulikomaa na ile: kila mimba inaenda na jino yake. Na nilijivuna nayo. Nikicheka kanisani mapengo yote inje, kama kamanda na nyota zake za bega.

(Bamama munaosoma, musijifanye hamujasikiaka hiyo.)

Wiki tatu bila brosse. Ufizi ukavimba kama nyanya ya kuiva. Kanyama kakaota katikati ya meno mbili, jino moja ikaanza kutikisika. Kinywa kinanuka. Hata kiazi Kavugho akashindwa kukitafuna, anakunywa bouillie tu, uji mwepesi, uso ukakonda. Pale nikaogopa juu ya ule wa tumboni.

Donc tukaenda kwa docteur wa meno. Kijana tu. Akamuangalia kinywa, akauliza nani alimukataza kusugua. Nikasema ni mimi, kichwa juu.

Akaniita koko, kama bibi yake: "Koko, ulizala batoto ngapi?"

Saba.

"Na meno ilitoka ngapi?"

Nikapitisha ulimi. Nikahesabu, nikarudilia. Kumi na moja.

"Ile ine ya kuzidi saba ilienda na nani?"

Bakubwa, nilikosa pa kuweka macho. Ile ine ilitoka wakati batoto yangu bote balikuwa wameisha kuoa na kuolewa. Kumbe uchafu ndio ulikula kinywa yangu, mimi ninasingizia batoto.

Akatueleza. Mimba inalainisha ufizi, unatoka damu mbio. Ndiyo sababu ya kusugua, si ya kuacha: brosse laini na dentifrice, ile dawa ya meno, mara mbili kwa siku. Ukitapika, sukutula na maji kwanza, ungoje kidogo mbele ya kusugua. Na mwenye mimba anatunzwa meno vizuri, asingoje kuzala. Akamusafisha pale pale. Kale kanyama akasema mara mingi kanaisha mama akisha kuzala.

Kisha wiki mbili jino ikashika. Kavugho akarudilia kula viazi, na ngozi yake ikang'aa tena.

Mama mukwe wake akasikia Kavugho anasugua tena, akapiga simu toka Beni, amekasirika: eti ninamunyima mutoto jino yake. Nikamwambia: "Hapana. Mutoto atatoka na kilio yake tu, jino inabakia."

Basi fundisho ni hii: ufizi ukitoka damu, ushike brosse na uende kwa docteur. Usije kwa mimi.

Wenye iliwafikia, muandike hapa chini, nitasoma yote. Lakini kama wewe unakuja kunifundisha kwamba mutoto anadai jino, hata ukiwa mama mukwe wa nani, jibu ni ile ile:

"Hapana. Mutoto atatoka na kilio yake tu, jino inabakia."