Chui Aliyekuja Kuomba Titi Langu

Mume wangu ndiye aliyeigusa kwanza, ile punje kama kunde kwenye titi langu la kushoto. Alikuwa anatafuta nini pale, msiniulize, nina wajukuu. Ilikuwa miaka ile ya pillage, askari walipopora mpaka milango ya maduka, kampani ya mgodi ikaacha kulipa, gari moshi likawa linakuja siku linapotaka. Hata bia ilikosekana. Lubumbashi bila bia, ee, hiyo ni habari nyingine.

Dokta alitoa kipande, kikapimwa, akasema ni kansa, lakini tumeiwahi. Mimi shule niliishia darasa la tatu, basi akanieleza polepole. Njia ni mbili. Kutoa titi lote, hapa hapa, juma lijalo. Ao kutoa ile punje tu na nyama kidogo ya kando, titi libaki. Ila hapo lazima mionzi, wiki nyingi, na mashine yake iko Afrika Kusini.

"Ukimaliza mionzi, njia zote mbili zinaponya sawa," akasema. "Chagua, mama. Lakini usikawie."

Kuchagua! Kwetu hata kitenge cha arusi yangu kilichaguliwa na kikao cha ukoo. Shemeji yangu mkubwa akashuka kutoka Mitwaba, siku tatu juu ya lori, na gunia la maharagwe. Maharagwe ya Mitwaba ya zamani yaliiva upesi, si haya ya leo yanayomaliza makaa. Shida moja: shemeji mkubwa hawezi kutaja titi la mke wa mdogo wake. Akawa anasema "ule upande". Mume wangu naye akaona haya mbele ya kaka yake. Wakaongea nusu siku juu ya ule upande, ungedhani wanagawa shamba. Wakakubaliana: ikatwe punje tu. Na mionzi? "Hiyo tutaiona mbele."

Nami, sitaficha, nilifurahi. Nililipenda titi langu.

Ndipo akaingia mtani wangu, jirani, bila hodi. Sisi ni ukoo wa mbuzi, wao wa chui. Tangu mababu wana ruhusa ya kututukana, na sisi hatukasiriki. Tukifa, wao ndio wanatuzika. Huyu mama alikuwa amefagia hospitalini miaka mingi, mpaka mishahara ilipokatika.

"Bambuzi, minasikia munakata nyama. Fungu yetu bachui iko wapi?"

"Mama, tuko mu kikao," mume wangu akasema.

"Kikao ya titi, na hakuna mwenye anataja titi! Titi, titi, titi! Baba wa Mitwaba, masikio yako ingali muzima?"

Shemeji akainamia viatu vyake. Mtani akanigeukia.

"Weye, basi unaenda Afrika Kusini?"

"Tutaona mbele."

"Mbele wapi? Uko na passeport? Uko na muntu kule wa kukulalisha?"

Nikatazama gunia la maharagwe.

"Basi titi itabakia, na ugonjwa pengine itabakia mu ndani. Nilifagia ile salle ya bagonjwa ba kansa. Benye banakatwa kidogo na habapate mionzi, nilibaona banarudia, na banarudia na mubaya. Utakufa, na sisi bachui njo tutakubeba. Na weye uko muzito, mbuzi. Mugongo yangu inaniuma."

Nilicheka mpaka nikalia. Wote mle kikaoni walijua hayo, hakuna aliyethubutu kuyasema.

"Lakini bila titi..." mume wangu akaanza.

"Unamulilia yeye, ao unajililia weye?"

Akasema, "Najililia miye." Siku ile nilimpenda kuliko siku ya arusi, mjinga yule.

"Litoke lote," nikasema.

"Hauogope?" mume wangu akaniuliza.

"Naogopa sana."

"Miye pia."

Asubuhi yake tulikwenda kwa miguu mpaka kwa dokta, tukiharakisha, nisije nikabadili neno njiani.